Ampuli mbili zinafanana, trei ni moja: niandike ripoti au ninyamaze?

Salaam Mshauri,

Mimi ni muuguzi katika wodi ya wanawake, hospitali ya wilaya. Usiku tunabaki wawili, wagonjwa huwa thelathini na kitu, na siku hizi vitanda vimejaa, wengine tunawalaza chini kwenye magodoro.

Juzi mwenzangu alikuwa anatoa dawa za saa sita usiku. Alifika kwa mama mmoja ambaye kanula yake, ule mrija wa mshipani, ilikuwa nzito kupitisha, akachukua ampuli kwenye trei ya troli, akavuta mililita tano ili aisafishe kwa maji ya chumvi kabla ya kumchoma antibiotiki ya seftriaksoni. Mimi nilikuwa pembeni natafuta plasta kwenye trei hiyo hiyo. Nikaokota ganda la ampuli aliyofungua ili nilitupe, nikasoma: potasiamu kloraidi, asilimia 15. Nikamshika mkono. Hakuna kilichoingia kwa mgonjwa.

Ampuli zote ni za plastiki, mililita kumi, hazina rangi, kichwa cha kusokota. Za potasiamu zilibaki baada ya mgonjwa mmoja wa kuharisha kuruhusiwa, mtu akazitupia kwenye trei pamoja na za chumvi na maji ya kuchanganyia dawa.

Asubuhi nilimweleza inchaji, msimamizi wa wodi. Akasema tumshukuru Mungu hakuna aliyeumia, nisiandike popote maana nitamharibia mwenzangu kazi, yeye ataongea naye awe makini. Mwenzangu sasa hanisemeshi, anaona nimemchongea. Ni nesi mzuri na ana miaka mingi kazini kuliko mimi. Niandike au niache? Na zaidi ya kuambiana tuwe makini, wodi ya watu wawili inaweza kufanya nini?

Muuguzi wa zamu ya usiku

JIBU

Dada Muuguzi,

Andika. Ila kabla ya karatasi kuna kazi ya dakika kumi, na ifanye leo leo ukiingia zamu: kusanya kila ampuli ya potasiamu iliyomo wodini, kwenye trei, kabatini, kwenye droo ya troli, kwenye lile boksi la "dawa zilizobaki" ambalo kila wodi inalo, na uzirudishe famasia kwa kusainiana. Ripoti inaweza kungoja mpaka asubuhi. Ampuli zisingoje, kwa sababu kesho usiku kuna mtu mwingine atakayeingiza mkono kwenye trei ile ile, na hutakuwa pembeni unatafuta plasta.

Tuangalie kilichokuwa ndani ya ile sindano. Asilimia 15 maana yake kila mililita ina miligramu 150, kwa hiyo mililita tano ni miligramu 750, sawa na milimoli 10 (kipimo cha wingi wa madini) za potasiamu. Potasiamu ya kawaida katika damu ni milimoli 3.5 hadi 5 kwa lita. Plazima yote (maji ya damu) ya mtu mzima ni kama lita tatu, maana yake potasiamu yote iliyomo humo ni milimoli 12 hivi. Mwenzako alikuwa amebakiza sekunde chache kumwongezea mgonjwa karibu kiasi hicho kwa mkupuo mmoja. Potasiamu ya ghafla inavuruga umeme wa moyo mara moja. Moyo unasimama, na kuuamsha ni kazi ngumu hata pale penye vifaa vyote. Hizo milimoli 10 ndizo tunazoruhusu ziingie kwa saa nzima, tena zikiwa zimechanganywa kwenye dripu.

Ndiyo maana dawa hii ina historia yake. Uingereza ilipoanzisha wakala wa usalama wa wagonjwa, tahadhari ya kwanza kabisa wakala huo kuitoa, mwaka 2002, ilihusu potasiamu kali kuwekwa wodini. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likatoa orodha ya mambo tisa ya kulinda wagonjwa, na kudhibiti maji makali ya madini kama potasiamu ni mojawapo. Maelekezo yote yanafika mahali pamoja: ampuli hizi zisikae kwenye rafu ya kawaida ya wodi. Hayategemei muuguzi awe makini kiasi gani, na hapo ndipo sikubaliani na inchaji wako.

"Awe makini" haina mahali pa kushika. Mtu akiwa na wagonjwa thelathini saa sita ya usiku, taa ya korido ndiyo inayomulika, jicho linatambua umbo kwanza na maandishi baadaye. Mkono wake ulitafuta ampuli ya plastiki ya mililita kumi yenye kichwa cha kusokota, na ukaipata. Nesi mzoefu yuko hatarini zaidi hapa kuliko mwanafunzi, kwa kuwa mwanafunzi husoma kila kitu kwa hofu. Kosa lilianza mchana, pale mgonjwa wa kuharisha aliporuhusiwa na ampuli zake zikakosa pa kurudi. Ukitaka kulizuia, zuia hapo: dawa za mgonjwa aliyeruhusiwa, aliyehamishwa au aliyefariki zirudi famasia kabla faili halijafungwa, na yule anayefunga faili ndiye anayezirudisha. Hospitali nyingi za Tanzania zimepitia mafunzo ya 5S, mpango wa hatua tano wa kupanga mahali pa kazi. Basi hii ndiyo S ya kwanza, Sasambua, yaani kuondoa kisichohitajika, na kwa kweli inafaa kuanzia kwenye troli ya dawa kuliko kwenye ofisi ya katibu.

Kama hospitali yenu ina chumba cha uangalizi maalumu au kitengo cha dharura kinachohitaji potasiamu usiku, iwekwe huko, kwenye boksi lenye kufuli, mbali na maji ya chumvi, na juu yake pabandikwe karatasi nyekundu: INAUA IKICHOMWA MOJA KWA MOJA, CHANGANYA KWANZA. Ufunguo akae nao msimamizi wa zamu ya usiku. Kitabu cha kutoa kiwe na safu za jina la mgonjwa, idadi ya ampuli, aliyetoa na aliyepokea.

Sasa uchanganyaji, maana siku daktari akiiandika lazima mtu aifanye. Ampuli moja ya mililita kumi ya asilimia 15 ina milimoli 20. Ukiitia kwenye chupa ya mililita 500 ya chumvi umepata milimoli 40 kwa lita, na hapo ndipo kikomo kwa mshipa wa mkononi. Usiongeze ya pili. Kasi isizidi milimoli 10 kwa saa kwa mgonjwa asiyefungwa mashine ya kufuatilia moyo, kwa hiyo chupa hiyo isiishe kabla ya saa mbili, na mara nyingi daktari ataitaka kwa saa nne. Kwa saa nne ni mililita 125 kwa saa. Mpira wa dripu wa matone 20 kwa mililita utautega kwenye matone 42 kwa dakika. Ule wa matone 15 ni 31. Soma pakiti ya mpira kwanza, namba hiyo imeandikwa pale.

Halafu kuna kosa la pili ambalo halisemwi sana. Dripu inaning'inia, inatiririka, mtu anachoma potasiamu kupitia mdomo wa chini wa mfuko na kuondoka. Maji ya potasiamu ni mazito kuliko yaliyomo, yanatua chini karibu na mpira, na mgonjwa anapokea dozi kali dakika za mwanzo ingawa chati inaonyesha hesabu safi. Shusha mfuko, funga mpira, tia dawa, kisha ugeuze juu chini, juu chini, angalau mara kumi, ndipo uutundike. Usiongeze kamwe potasiamu kwenye chupa iliyobakia robo. Na kabla ya yote uliza kama mgonjwa anakojoa. Asiyetoa mkojo hana pa kuitolea potasiamu, mpigie daktari kabla hujafungua ampuli.

Kuhusu kusafisha kanula, msiiache kazi hiyo kwa woga. Seftriaksoni ikikutana mpirani na maji yenye kalsiamu, kama Ringer lakteti, huweza kuganda, na kwa mtoto mchanga hilo limewahi kuua. Safisheni kabla na baada, kwa chumvi ya asilimia 0.9, na ampuli ichukuliwe kwenye kibakuli chake peke yake ambacho hakiingii kitu kingine. Wodi nyingine zina tabia ya kuchomeka sindano kwenye mfuko wa chumvi wa mililita 500 na kuuacha utumike kwa wagonjwa wote mpaka uishe. Mwambie inchaji hilo nalo life. Bomba moja la sindano lililogusa kanula ya mgonjwa likirudi kwenye mfuko ule, limebeba damu yake kwenda kwa wote wanaofuata, homa ya ini na VVU vikiwemo.

Mtindo wa kuvuta dawa za wodi nzima, kuzipanga kwenye bakuli na kuzunguka nazo, nao una shida yake: mabomba yote yana maji yasiyo na rangi. Vuta ya mgonjwa mmoja, mchome, nenda kwa mwingine. Kama umevuta na unachoma papo hapo bila kuliweka bomba chini, lebo si lazima. Likitoka tu mkononi mwako, hata kwa nusu dakika, liwe na kipande cha plasta: jina la dawa, miligramu ngapi kwenye mililita ngapi, saa, na herufi za jina lako. Plasta ibandikwe kwa urefu wa bomba, isifunike mistari ya vipimo. Andika baada ya kuvuta, wakati ampuli bado iko mkononi, kwani mabomba matupu yaliyoandikwa kabla hubadilishana. Ganda la ampuli likae kando ya bomba mpaka dawa iingie, kwa sababu juzi ndilo lililomwokoa yule mama. Na bomba lisilo na jina likikutwa mezani hatulikisii, linaenda kwenye boksi la sindano chafu, hata kama unaapa unajua ni dawa gani.

Utasema wawili hamuwezi kuhakikiana kila dawa. Kweli, na msijaribu; uhakiki wa kila kitu unageuka kuwa saini tu. Chagueni dawa chache ambazo hazitoki bila macho manne: potasiamu, magnesiamu, insulini, heparini (ya kuzuia damu kuganda), mofini, na damu. Uhakiki wenyewe nao una namna. Ukimwonyesha mwenzako ampuli ukamwambia, "Hii ni chumvi, sivyo?" atasema ndiyo, kwa sababu umeshamjaza jibu. Mpe ampuli na chati, nyamaza. Yeye asome kwa sauti jina, nguvu na tarehe ya mwisho wa matumizi, apige hesabu yake mwenyewe, ndipo mlinganishe. Ikitofautiana, hakuna anayeshinda kwa cheo wala umri, mnampigia aliyeandika. Anayesema kusoma kwa sauti ni mambo ya Ulaya, mwambie orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa kwenye hospitali nane duniani, moja ikiwa ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Matokeo yalitolewa Januari 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8 kwenye hospitali hizo kwa ujumla. Kiini chake ni watu kusimama kidogo na kusemeshana kwa sauti.

Magodoro ya chini yana hatari yake pia. "Mama wa kitanda cha sita, wa chini" si jina la mtu. Akihama kidogo kupisha mvua ya dirishani, dawa inamfuata aliyechukua nafasi yake. Uliza, "Jina lako kamili nani?" kisha linganisha na namba ya faili. Usiulize, "Wewe ndiye Mwajuma?" Mgonjwa mwenye homa, au bibi anayemheshimu nesi, ataitikia jina lolote. Asiyeweza kusema avae plasta yenye jina na namba mkononi.

Magnesiamu naitaja kwa sababu wodi za wanawake hupokea akina mama wenye kifafa cha mimba wakingoja nafasi leba, na kosa lake linafanana na hili. Ampuli nyingi ni za asilimia 50, yaani mililita kumi ni gramu 5. Dozi ya kwanza ya mshipani ni gramu 4 ya asilimia 20: vuta mililita 8, ongeza mililita 12 za maji ya sindano, upate 20, na uichome polepole kwa muda usiopungua dakika tano. Kinachoharibika ni mtu kusahau zile 12 na kuichoma ikiwa kali. Kabla ya kila dozi ya kuendeleza hesabu pumzi, ziwe 16 au zaidi kwa dakika, gonga goti lirushe mguu, na mkojo uwe angalau mililita 30 kwa saa kwa saa nne zilizopita. Kimojawapo kikikosekana, dozi isubiri na daktari aitwe. Kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, ampuli ya mililita kumi, ikae kwenye troli ya dharura wakati wote. Ni kinga ya moyo kwa sumu ya magnesiamu na ya potasiamu vilevile. Angalieni leo kama ipo, na kama haijaisha muda.

Insulini kwa kifupi: kila mililita ina yuniti 100, kwa hiyo yuniti 10 ni mililita 0.1 tu. Bomba la insulini likiisha, usipimie kwenye bomba la mililita mbili. Kalitafute, au azima wodi ya jirani. Na mwombeni daktari aandike neno "yuniti" kamili, maana herufi U iliyoandikwa haraka husomeka sifuri, 4U ikawa 40.

Turudi kwenye ripoti. Yenu ni ya tukio lililonaswa kabla ya kumfikia mgonjwa, na ndiyo ripoti rahisi kuliko zote kwa sababu hakuna wa kulaumiwa wala wa kuzikwa. Haiingii kwenye faili la mgonjwa. Inaenda kwa inchaji, na nakala kwa timu ya uboreshaji wa huduma ya hospitali na kwa mfamasia. Haina majina ya wauguzi wala maneno kama "uzembe". Inaweza kusomeka hivi:

"Saa 6:20 usiku, wodi ya wanawake. Ampuli ya potasiamu kloraidi 15%, ml 10, ilivutwa ml 5 ikidhaniwa ni chumvi 0.9% ya kusafishia kanula. Iligunduliwa baada ya ganda kusomwa. Dawa haikumfikia mgonjwa. Ampuli za potasiamu, chumvi na maji ya sindano zilikuwa kwenye trei moja, zote plastiki, ml 10. Za potasiamu zilibaki kwa mgonjwa aliyeruhusiwa. Wauguzi wawili, wagonjwa (idadi). Ampuli zote za potasiamu zimerudishwa famasia. Tunaomba potasiamu isiletwe wodini, na famasia itafute chapa ya chumvi isiyofanana nayo."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayompa mfamasia sababu ya kuandika barua. Bila ripoti, yeye anaendelea kuagiza ampuli zile zile, na wodi ya watoto iliyo ng'ambo ya uwanja wenu ina trei kama yenu. Ingekuwa dawa imeingia, mambo yangebadilika: daktari papo hapo, huduma kwa mgonjwa kwanza, ukweli wote kwenye faili na saa yake, mgonjwa au ndugu kuelezwa siku hiyo hiyo, na fomu ya njano ya TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) kwa madhara ya dawa.

Kwa inchaji, usiende na "nataka kuripoti". Nenda na karatasi hiyo na ampuli mbili mkononi, ya chumvi na ya potasiamu uliyoiazima famasia kwa kusaini, uziweke mezani kwake zikiwa zimegeuzwa maandishi chini, umwombe achague ya chumvi. Akishindwa, au akibabaika, mazungumzo yatakwenda yenyewe. Akikataa kabisa kuipokea, mpelekee mfamasia na patroni au matroni wa hospitali. Hilo si kumruka, kwa sababu suala la dawa ni la kwao pia.

Na mwenzako, mtafute mkiwa wawili, nje ya wodi. Msomee rasimu kabla hujaipeleka, aone jina lake halimo, na umwombe aongeze lile analolijua yeye: nani alimletea trei, taa ilikuwaje, alikuwa ameitwa na wagonjwa wangapi dakika ile. Aliyelishika bomba ndiye anayejua vizuri kwa nini alikosea. Akikubali, ripoti iende na herufi zenu wote wawili kama watoa taarifa.

Limebaki swali ambalo famasia watakuuliza: potasiamu ikiondoka wodini, daktari akiiagiza saa nane usiku itakuwaje? Kwanza muulize kama mgonjwa anaweza kumeza. Mwenye upungufu wa kiasi, anayekula na asiyetapika, ambaye moyo wake hauna dalili za hatari, mara nyingi hutosheka na vidonge. Kidonge kimoja cha miligramu 600 kinachoyeyuka polepole kina milimoli 8, kimezwe kizima kwa maji mengi akiwa ameketi, kisisagwe. Anayehitaji dripu kweli, ampuli itoke kwenye boksi la kufuli kwa msimamizi, ichanganywe huko huko na watu wawili, na kinachovuka mlango wa wodi yenu kiwe mfuko ambao tayari umeandikwa jina la mgonjwa, milimoli, saa na kasi ya matone.